Mama Alikumbuka Yote

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo miaka imeshindwa kuifuta kwangu. Ni siku kaka yangu Deo alipofika nyumbani kwetu, kule Kadutu, mjini Bukavu, akiwa na vijana wa mtaa nyuma yake, wamebeba magongo na dumu la petroli. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na udongo mwekundu umewaganda miguuni. Mama alikuwa akimenya mihogo mlangoni. Mimi nilikuwa msichana wa chuo kikuu, na nilijua walichofuata.

Nikueleze kwanza yaliyotangulia. Vita vilipofika Bukavu, askari walioushika mji walikuja kumchukua Papa yangu, fundi cherehani asiyekuwa na neno na mtu. Aliyewaonyesha nyumba yetu ni Bahati, mtoto wa jirani yetu Maman Faida. Alikuwa amejiunga nao akiwa bado kijana mbichi. Papa akapandishwa kwenye gari, gari likashika barabara ya Uvira, na hakurudi. Hatukupata hata kaburi la kulilia. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Sisi hata kovu tulikuwa hatujalipata; kilikuwa bado ni kidonda.

Sasa mji ulikuwa umebadilisha mabwana. Askari wale wameondoka, Bahati amekimbia pamoja nao, na Maman Faida amebaki na binti yake mdogo katika nyumba yao ya mbao, mlango wa pili kutoka kwetu.

"Mama," Deo akasema, "sema tu mbele ya hawa wote: mutoto wa Maman Faida njo alimuuzisha Papa. Basi. Ingine tutafanya sisi."

Mama akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Nitasema. Lakini nikianza, nitasema yote. Mutanisikiliza mpaka mwisho?"

Wakakubali. Nani angekataa?

"Bahati alikuja na basoda, wale askari. Nilimuona na macho yangu. Alinyoosha kidole kwa mulango yetu. Ile njo ukweli, hata mbele ya Mungu sitaibadilisha."

Vijana wakaanza kusogea. Mama akainua mkono.

"Sijamaliza. Kisha tulikimbia kwenda Walungu. Nilikuwa na homa, maziwa yangu ilikauka, na Neema, mudogo wenu, alikuwa mutoto wa kunyonya. Nani alimubeba ku mugongo? Nani alimunyonyesha pamoja na wake, njia yote ile? Deo, weye ulikuwa pale. Sema jina."

Deo akatazama chini.

"Sema jina, mwana wangu."

"Maman Faida," akasema.

"Eh. Mukikumbuka kidole ya Bahati, mukumbuke na mugongo ya mama yake. Ukikata habari katikati, unabakia na uongo, hata kama kila neno iko ya kweli."

"Na Papa je?" Deo akapaza sauti. "Tumusahau?"

"Nani amekuambia kusahau? Mi namukumbuka kila asubui. Lakini Papa yako hakuchoma nyumba ya mutu hata siku moja. Leo munataka kuchoma kwa jina yake?"

Vijana wakaanza kuondoka mmoja mmoja, yule mwenye dumu akiwa wa mwisho. Deo akaenda nyuma ya nyumba, akakaa kwenye jiwe la kufulia, akalia kwa mara ya kwanza tangu Papa achukuliwe. Mama akampelekea sahani ya bugali na sombe ya majani ya mihogo, akakaa karibu naye. Nawe ujue hilo: mtu uliyemkatalia ubaya, usimwache na njaa.

Miaka ikapita. Bunduki zilipopungua, Bahati akarudi, amekonda, ana mvi za mapema. Alirudi kwa sababu mama yake alikuwa bado na nyumba ya kurudia. Siku ya pili akaja kwetu pamoja na padri wa parokia, akapiga magoti, akamwambia Mama mahali Papa alipolala: kando ya barabara, kwenye bonde la Ruzizi, kabla ya kufika Sange. Tulikwenda naye. Deo alichimba mwenyewe. Papa tulimtambua kwa mshipi wake. Tukamleta nyumbani, tukamsomea misa, tukamzika kama wanavyozikwa watu, na Maman Faida akasimama pamoja nasi akilia kama sisi.

Usidhani mambo yaliishia kwenye machozi. Bahati alipelekwa mahakamani na Mama akaitwa kusema. Hakuongeza, hakupunguza. Alisema habari ya kidole, kisha akasema ni nani aliyetuonyesha alipolala Papa. Bahati alifungwa, akamaliza kifungo chake, na siku alipotoka Mama alikuwa miongoni mwa waliompokea. Alisema haki imekwisha kufanya kazi yake, sasa ujirani ufanye yake.

Mwanangu, watu wa namna mbili watakuja kwako. Mmoja atakuambia sahau, hayo yamepita. Mwingine atakuambia kumbuka, lakini yeye ndiye atakayekuchagulia cha kukumbuka. Usimfuate yeyote kati yao. Mtenda mabaya mkumbuke kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la mama yake wala la kabila lake. Aliyekutendea wema mkumbuke hata kama kumtaja kunakuchoma. Waliokufa hawana tena mdomo ila wetu, tusiutumie kuwasingizia. Njia ya mwongo ni fupi, na ya mwenye kukumbuka nusu si ndefu zaidi.

Mungu akupe moyo usiochagua, na ulimi usioogopa upande wowote. Uishi, uzae, uwasimulie wanao wakusikilize mpaka mwisho. Na siku wengine watakaposimulia habari zako wewe, wakutendee haki.