Kumchagulia Mke Wangu Ndege

Mke wangu hakuniomba nimchagulie ndege. Alichosema ni kwamba hapandi. Binti yetu, muuguzi huko Uingereza, alikuwa na mimba yake ya kwanza na hakuwa na mtu wa kumpikia njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, akishajifungua. Kwetu Embu mzazi ambaye mama yake hakuja kumpikia njahi na uji huonekana kama mtu aliyezalia njiani. Binti alikuwa ametuma tikiti. Mke wangu aliitia ndani ya Biblia, akasema itakaa hapo mpaka Bwana arudi, maana yeye haendi kuning'inia hewani kama mwewe.

"Na mwewe ana mabawa yake," aliniambia. "Mimi nitakuwa nimekalia ya mtu."

Nilikuwa mwinjilisti mstaafu na mzee wa kanisa pale Karurumo, na mambo ya imani ndiyo niliyoyasomea kuliko mengine yote. Nikamkumbusha Eliya, aliyechukuliwa juu bila kudhurika.

"Eliya alirudi?" aliuliza, akaendelea kuchambua mboga.

Basi nikaacha Maandiko, nikaenda kwa kompyuta.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ofisini kwa mchungaji wetu, zawadi ya kanisa moja la ng'ambo, ili tuchapie matangazo ya ibada. Aliyeitoa alikuwa amesahau ndani yake programu ya kurusha ndege kwenye skrini. Mchungaji alikuwa wa umri wa wanangu, na aliigundua programu hiyo kabla hajagundua namna ya kuchapa. Miaka hiyo ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, na matangazo yetu yalikuwa bado yanaandikwa kwa mkono. Mimi nilikuwa napita pale alasiri. Tukiulizwa, tulisema tuna kikao, na kwa kweli tulikuwa tumekaa.

Wazo langu lilikuwa rahisi. Mke wangu akiona kwa macho yake ndege ikitoka Nairobi, ikafika Uingereza, ikatua, atakubali kwenda. Kilichobaki ni kupata ndege ya kuimaliza safari hiyo, na siku zilikuwa zinakwenda, maana tumbo la mtu halingojei kikao.

Tulianza na ile ndogo ya propela moja, kwa sababu ndiyo tuliyojua kuitua. Iliupita Mlima Kenya vizuri, kwa adabu, kisha mafuta yakaisha tukiwa kusini mwa Sudan, tukashuka kwenye kinamasi. Mchungaji alisema tusikate tamaa, hata Musa alianzia kwenye matete.

Tukajaribu jeti ndogo, ile ya matajiri. Hiyo ilikwenda kwa haraka sana, ikapanda juu mpaka anga ikawa nyeusi, ikatufikisha Misri, ikakaukiwa mafuta. Jioni nilimweleza mke wangu tukila. Niliona Misri ni mbali kiasi cha kusifiwa.

"Kwa hiyo mtaniacha Misri," alisema. "Wenzangu walikaa huko miaka mia nne."

Ndipo mchungaji akasafiri mpaka Nchiru, huko Meru, kwa mwanafunzi mmoja wa chuo aliyekuwa na sifa katika mambo hayo, akarudi na diski yenye jeti kubwa ya abiria, injini nne. Ilikuwa na tatizo moja. Ilikuja bila dashibodi yake, ikaazima ya ndege nyingine, kwa hiyo vipimo vilivyoonekana vilikuwa vya injini mbili tu. Hizo nyingine mbili tulizishikilia kwa imani. Sijawahi kuona mahali pengine ambapo mafunzo yangu ya uinjilisti yalinifaa namna hiyo. Tuliijaribu mara kadhaa, tukibonyeza kitufe cha kukimbiza saa ili safari ya kutwa iishe upesi, na ilifika Uingereza mafuta yakiwa yamebaki. Mchungaji aliita hilo wito.

Nikamwalika mke wangu. Alikuja Jumatatu asubuhi baada ya kukama, na chupa ya chai, nduma na kitambaa chake cha Chama cha Akina Mama, kwa sababu alikuwa mwenyekiti wao na hakuingia ofisi ya mchungaji bila kitambaa. Nikamweleza habari ya kitufe cha kukimbiza saa.

"Mimi nikiwa ndani watanikimbizia saa?"

"Hapana."

"Basi tuangalie zote. Nimebeba chakula."

Mchungaji akanipa kiti cha rubani. Nikaishika ndege, ikakimbia kwenye barabara ya uwanja, nikainua pua, ikapaa vizuri. Nilikuwa nimebakiza kitu kimoja, kubonyeza vitufe vya ndege kujiendesha yenyewe, ndipo mke wangu akasema, "Tuombe."

Hapa lazima nieleze. Kwetu safari haiombewi gari likiwa limesimama. Tukienda mazishini au kwenye mkutano wa injili, tunapanda, tunabanana, dereva anawasha, na gari likishatoka getini ndipo mama mmoja anaanza. Na akianza, hakuna anayefungua macho mpaka Amina. Nimewafundisha watoto wa Shule ya Jumapili hivyo maisha yangu yote. Mke wangu naye hakuwa mtu wa maombi mafupi. Aliwahi kuombea chakula cha harusi mpaka kikapashwa moto tena.

Nikaondoa mikono kwenye kibodi, nikainamisha kichwa, nikafunga macho.

Alianza na wagonjwa wa Karurumo. Akapita kwa walimu, mvua, ng'ombe na serikali. Alipofika kwa wamisionari, ndege ikaanza kupiga kengele. Niliijua kengele hiyo, ni ya ndege iliyopungukiwa na mwendo. Nilimsikia mchungaji akikohoa. Nikasema moyoni kwamba yeye ndiye mchungaji, akitaka kufungua macho na afungue. Baadaye aliniambia naye alikuwa anasema mimi ndiye mzee, na ndiye niliyeshika. Kengele ikazidi, na mke wangu, akidhani ni kelele za adui, akazidisha sauti. Akamkabidhi Mungu rubani na wote walio angani. Kukatokea kishindo.

"Amina," akasema.

"Amina," tukaitikia.

Skrini ilikuwa imesimama. Akaitazama sana.

"Tumefika wapi?"

"Tumeanguka, Mama," mchungaji akasema.

"Wapi?"

"Kama Athi River hivi, hapo nje tu ya Nairobi."

"Wakati wa maombi?"

"Wakati wa maombi."

Akanigeukia. "Mzee, ni wewe ulikuwa umeshika?"

"Ni mimi."

"Na ukafunga macho?"

"Si ulikuwa unaomba."

Akajimiminia chai, akaipuliza. Moyoni nilimwona binti yangu akipikiwa na majirani asiowajua vyakula visivyo na jina. Nilijua nimeiharibu safari mwenyewe, tena kwa heshima zote. Mchungaji alijifanya anatafuta waya chini ya meza.

"Hiyo ya kweli," mke wangu akasema mwishowe, "rubani hukaa na watu?"

"Ana chumba chake huko mbele."

"Chenye mlango?"

"Chenye mlango. Hufungwa."

"Kwa hiyo watu wakiomba huko nyuma, yeye hasikii."

"Hasikii neno."

Akanywa chai yake yote kwanza. "Basi nitaenda," akasema. "Mimi nitaomba, yeye aendeshe."

Akaenda, na njahi, na unga wa uji, na kitambaa chake kichwani. Nilibaki na ng'ombe, nikimshukuru Mungu kwa milango inayofungwa. Siku aliyopiga simu ofisini kwa mchungaji tulisikiliza wawili kwa mkono mmoja wa simu. Mtoto ni msichana, alisema, ana nywele nyingi, na binti amekula njahi mpaka akaomba nyingine.

"Na ndege ilikuwa gani?" nikauliza. Mchungaji alikuwa amenibana ubavuni muda wote ili niulize.

Nikamsikia akimbembeleza mtoto.

"Ilikuwa nyeupe," akasema, kisha akanisikilizisha mtoto akilia.