Nilimtafuta babu tajiri wa ngozi za mbega kwenye orodha za abiria wa meli, nikamkuta sitahani

Wakuu, salaam kwenu, hasa nyinyi mlioko kazini mnaojifanya mnajibu email.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Dubai. Mwenye kutaka kucheka acheke, nishazoea.

Mimi mtu wa Mombasa. Nafanya clearing kwenye ofisi moja ya mizigo, kutwa nasoma manifest, zile orodha za shehena ya meli. Makaratasi ya meli hayanitishi.

Sasa kuna binti anaitwa Salma. Tumependana. Kazaliwa hapa hapa, kwao ni mtaa wa Al Twar, familia ya Kizanzibari iliyokaa Dubai zamani. Babake ni marehemu, kwa hiyo mwenye neno la mwisho pale nyumbani ni bibi yake, Bi Zuwena.

Na sisi watu wa pwani mnatujua. Kabla ya posa huulizwi mshahara wala visa. Unaulizwa kwenu ni kwa nani.

Siku ya kwanza kupelekwa kwa bibi nikaamkia, nikakaa. Ukutani kuna picha kubwa ya mzee wa kilemba, ameweka mkono wa kushoto juu ya ngozi ya chui. Kidole kimoja hana.

"Huyo babu yangu, Nassor bin Khalfan," akasema Bi Zuwena. "Tajiri wa ngozi. Kidole kang'atwa na chui, na huyo chui ndiye huyo hapo chini ya mkono."

Nikaona nisionekane mnyonge. Nikamwambia baba yake babu yangu, Bakari bin Mwinyi, naye alikuwa tajiri wa ngozi za mbega, yule kima mwenye manyoya marefu meusi na meupe. Wazungu walikuwa wakishonea makoti. Nikaongeza kwamba alikuwa akizipeleka Aden mwenyewe, kwa meli, daraja la kwanza.

Wakuu, hii sikuitunga. Ndivyo mama alivyotulea.

Bi Zuwena akanitazama juu ya miwani. "Meli zilikuwa zikiandika watu wao. Niletee hiyo karatasi, halafu wazee wako waje."

Tulipotoka Salma akanigeukia. "Nani alikuuliza habari za daraja la kwanza?"

Kesho yake nikaanza kutafuta.

Nikapata website yenye scan za orodha za zamani za abiria. Mwandiko wenyewe kama kuku kapita. Kila lunch break naingia humo, shawarma mkono mmoja, mouse mkono mwingine.

Wiki tatu! Nimekutana na wamisionari, mahakimu, na mama mmoja wa Kizungu aliyesafiri na mbwa. Mbwa kaandikwa hadi jina lake. Babu yangu hayupo.

Nikarudi Al Twar kuomba muda. Bi Zuwena akamimina kahawa, akaniuliza taratibu, "Umetazama sitahani?"

Nilihisi nimetukanwa. "Bibi, Bakari hakuwa mtu wa kulala sitahani, juu huko nje na wasio na nauli ya chumba."

"Haya," akasema, akanisogezea halua.

Kosa langu lilikuwa hapo, wakuu. Mimi ninayesoma manifest kila siku ya Mungu, wiki tatu nilikuwa nafungua kurasa za vyumba tu. Zile za nyuma, za abiria wa sitahani, nazipita kama hazipo. Kiburi kitupu!

Kesho yake nikazifungua. Siku ya pili tu, huyu hapa: Bakari bin Mwinyi, Mombasa, kwenda Aden. Alama: kovu shavu la kulia. Ndilo kovu ambalo nyumbani wote tunalijua kwa kusimuliwa.

Kazi: kupaka ngozi chumvi.

Nikampigia mama. "Mama, mbona ulituambia tajiri?"

"Niliambiwa na babako. Na wewe ulikwenda kutafuta nini huko, yarabi?"

Basi ningeishia hapo. Lakini ukurasa ule ulikuwa na watu wanane wamesafiri pamoja, kazi moja, tajiri mmoja aliyewaajiri. Macho yakateremka mpaka mstari wa mwisho.

Nassor bin Khalfan, Unguja. Kupaka ngozi chumvi. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hakipo.

Wallahi, nisipoipeleka karatasi, hakuna posa. Nikiipeleka, namvunjia mtu mzima heshima ndani ya nyumba yake, chini ya picha ya babu yake. Nikamtumia Salma screenshot. Akajibu neno moja: "Kunja."

Nikaprint, nikakunja chini, mstari wa mwisho usionekane.

Ijumaa baada ya sala ya alasiri tukawa watatu sebuleni. Nikasoma mstari wangu kwa sauti.

"Kupaka chumvi," akasema bibi.

"Ndiyo, bibi."

"Sitahani."

"Ndiyo, bibi."

Akanyoosha mkono, nikampa. "Na hapa mbona pamekunjwa?"

"Printer, bibi."

Akakunjua. Akampa Salma asome. Salma alisoma mstari wa mwisho kwa sauti ndogo mpaka nikamwonea huruma.

Bi Zuwena akaitazama picha. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Anacheka!

"Kidole kakatwa na kisu cha kukwangulia ngozi. Babu kaniambia mwenyewe, nami mtoto. Hadithi ya chui kaileta mama yangu, siku wageni walipokuja kumposa." Akanigeukia. "Wewe kwa nini ulikunja?"

"Sikutaka uone haya mbele ya mjukuu wako."

Akaikunja tena pale pale nilipokunja, akaitia chini ya mto wake. "Waambie wazee wako waje Ijumaa ijayo."

Wakaja. Ami yangu hata chai hajanywa, kashaanza na Bakari na daraja la kwanza. Bi Zuwena akaitikia "Mashaallah" bila hata kupepesa macho, naye akamwonyesha chui. Mimi na Salma tukakodolea zulia.

Nilichojifunza: ukitafuta wazee wako kwenye orodha za meli, anza na sitaha. Na ukiwakuta, usiwaonee haya.

Nikah imeshapita, alhamdulillah. Juzi kaja mgeni, kaiona picha, kauliza kidole kilikwendaje. Bi Zuwena akasema, "Muulizeni mkwe wetu, yeye anaijua hadithi hiyo vizuri."

Nikamsimulia chui mzima, mpaka mkia.

Haya, na nyinyi kwenu mna chui gani? Semeni ukweli, hapa hakuna wakwe.