Unyayo wa Mtoto Uwandani

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, nilikuwa na rafiki wa jiwe, na nilimpoteza kwa wema wangu mwenyewe.

Kwetu ni kusini mwa Unguja. Nyuma ya kijiji kuna uwanda wa mawe usioota cha maana zaidi ya vichaka na miiba, na katikati yake mwamba bapa wenye michoro iliyochongwa na watu ambao hata wazee wetu hawakuwajua: miviringo, mistari, vishimo, na pembeni kabisa unyayo mmoja mdogo. Tukiuita Mtoto. Mlinzi wa mwamba alikuwa Bibi yangu, Bi Mwaka, aliyekabidhiwa na mama yake. Mgeni aliyetaka kuiona michoro alipitia kwake. Alivua viatu, Bibi akafukiza ubani, akapiga hodi kwa wenyewe wasioonekana, kisha akamwonyesha kwa fimbo, mchoro mmoja mmoja, bila kugusa.

"Mtazame tu," aliniambia kila tulipokwenda. "Ukimgusa Mtoto ataondoka, na akiondoka harudi."

Nilikuwa mbishi sana, lakini hilo nililiamini. Nilimpenda Mtoto kwa sababu mguu wake ulikuwa sawa na wangu.

Mwezi wa Shaabani, kama desturi yetu kabla ya Ramadhani, kijiji kilitoka kusafisha makaburi. Wanaume walifyeka, watoto tukachota maji, makaburi yakapakwa chokaa yakawa meupe pee. Alasiri chokaa ilibaki ndooni. Nikamfikiria Mtoto kule uwandani, hana ndugu wa kumpaka, nikamwonea huruma. Nikabeba ndoo na kipande cha kumbi la nazi. Nilivua viatu, nikapiga hodi, nikamjaza chokaa kuanzia vidole hadi kisigino. Nilijiambia kwamba linalomgusa ni kumbi, si mkono wangu.

Siku chache baadaye Bibi aliikuta imekauka ngumu. Babu Haji, kaka yake, akajaribu kuibandua kwa ncha ya kisu. Jiwe likatoka pamoja nayo, vumbi tupu. Alipomaliza, palibaki shimo lisilo na vidole.

"Keshaondoka," Bibi alisema, akakaa chini.

Alijua ni mimi. Sikupigwa, na ningefurahi kupigwa. Bibi aliendelea kupeleka ubani kwenye shimo lile. Siku moja nikamuuliza, "Bibi, si keshaondoka? Unamfukizia nani?"

"Nnakuombea radhi wewe, mjukuu wangu."

Nikakua, nikahamia mtaa wa Ng'ambo mjini, nikawa natembeza wageni Mji Mkongwe. Waliotaka michoro niliwapeleka kwetu. Bibi, kwa kuwa miguu ilishamchoka, alinikabidhi fimbo. Mgeni akiuliza habari za lile shimo, nilisema ni mvua.

Bibi alipofariki, jirani mmoja aliyekuja kutupa pole alikaa karibu yangu. "Maskini Bi Mwaka," akasema. "Hata mwaka huu kaniambia tena. Alijilaumu mpaka mwisho kwa kuuharibu ule unyayo na chokaa yake."

Nilitoka nje, nikalia. Kumbe miaka yote ile, kila aliyemuuliza, Bibi alimwambia ni yeye. Mlinzi aliyeaminiwa na mama yake alikubali kuitwa mharibifu ili mimi nisinyooshewe kidole.

Msomi mmoja amenieleza kwamba jiwe lile ni laini, chokaa hushikamana nalo, na hakuna mtu aliyeondoka. Inawezekana, na wala sibishani naye. Siku hizi nikifika pale na wageni nawaambia kwamba palikuwa na unyayo wa mtoto na nikauharibu mimi, si Bibi. Wao hunihurumia, husema nilikuwa mdogo, sikujua. Nilipoujaza chokaa, kweli nilikuwa mdogo. Niliposingizia mvua nilikuwa mtu mzima, na Bibi alikuwa bado hai.