Niliinywesha Injini ya Mzee Maji ya Chumvi

Mimi ndiye niliyeharibu. Naanza hapo ili msipoteze muda mkitafuta mtu mwingine wa kulaumu. Na pole zenu kaeni nazo! Naandika kwa sababu kuna mtu hapa Kitengela anabeba mawe kwa mgongo, na ni dereva mzuri kuliko wote niliowahi kuona. Aliyempeleka kwa hayo mawe ni mimi, nyanya mzima wa wajukuu tisa.

Anaitwa Wafula. Aliendesha pikapu yetu miaka kumi na moja.

Hiyo pikapu mzee wangu aliinunua kwa mkandarasi mmoja anaitwa Mutiso, na Mutiso aliinunua kwa mwenye shamba la maua kule Isinya. Ilikuja kwetu ikiwa imezeeka tayari, imebeba kokoto mpaka mgongo umepinda. Lakini injini! Ilikuwa dizeli ya zamani, chuma kizito, haina turbo, haina kompyuta, haina haraka. Asubuhi ya baridi unawasha hita ya kupasha injini, unangoja taa yake izime, inakohoa moshi mweusi mara mbili, halafu inaenda Loitokitok na kurudi na magunia ya vitunguu. Betri ikikataa, wanaume wanne wanasukuma na inawaka. Hizi za siku hizi zikipiga chafya tu, mnaita mtu na kompyuta yake. Sizipendi na sitajifanya.

Mafundi walikuwa wanamuuliza mzee siri ni nini. Anawajibu, "Oili kwa wakati, chujio, na maji ya mvua. Basi."

Maji ya mvua! Hapo ndipo moyo wangu ulipochachuka.

Kama unaishi huku Kajiado unajua maji ya kisima chetu. Ni ya chumvi, yanageuza meno ya watoto rangi ya kahawia, yanaacha ukoko mweupe kwa sufuria. Ya mvua ni ya chai na ya watoto wachanga. Tenki nilifunga kwa kufuli, ufunguo nikabeba mimi. Na kila Jumatatu Wafula alikuja na mtungi wake wa lita tano: "Mama, naomba ya rejeta, ya kupoza injini." Mzee alikuwa ameamuru apewe hata kama sisi tutakunywa chumvi.

Sasa sikia ubaya wangu. Mzee alipokuwa kitandani, wiki yake ya mwisho, nilikuwa nimeshika kijiko cha uji mbele ya mdomo wake. Akafungua macho akaniuliza, "Wafula amebadilisha oili?" Hakuuliza kama mimi nimekula, kama nimelala. Oili! Nilimzika nikiwa bado na hasira ya hilo neno.

Mwaka uliofuata mvua ilikataa. Tenki ikabaki na maji kidogo chini. Wafula akaja na mtungi wake. Nikamwambia, "Chuma haina kiu. Weka ya kisima."

"Mama, ya kisima itakula injini."

"Kwani injini ni mtoto wako?"

Akacheka. "Huyu ni mzee wako amebaki, mama. Mimi namtunza tu."

Ungeniona hiyo siku! Nilichukua huo mtungi, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaujaza maji ya kisima, nikamrudishia. "Haya, ya mvua hiyo. Shukuru." Akapokea kwa mikono miwili. Na nilifanya hivyo kila Jumatatu, miezi mingi, hata baada ya mvua kurudi na tenki kujaa! Sikuwa naokoa maji. Nilikuwa nalipiza.

Injini ilivumilia kuliko nilivyostahili. Halafu siku moja ya soko, ikitoka Bissil na mbuzi wetu nyuma, ikachemka, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Ikavutwa mpaka nyumbani. Fundi Kimeu akaifungua uani, mwanangu Parsaloi na ndugu zake wamesimama. Njia za maji zilikuwa zimezibwa na ukoko, gasketi imeungua, kichwa cha injini kimepasuka.

Kimeu akasema, "Mtu ameinywesha hii chumvi. Dereva wenu ni mvivu."

Wafula akasema polepole, "Mimi niliweka maji aliyonipa mama."

Wanangu wote wakanigeukia. Neno moja tu la ukweli kutoka kwangu lingetosha! Mimi nikapiga kelele, "Mnamsikia? Ananiita mwongo kwa boma ya baba yenu!" Parsaloi akamwambia aache ufunguo hapo hapo juu ya boneti.

Hata hapo sikutosheka. Wenye magari waliponipigia simu kuuliza kama Wafula anafaa, niliwaambia, "Huyo anaua injini." Hakuna aliyemchukua. Pikapu ikauzwa kama vyuma vikuukuu, ikakatwakatwa. Nafula, mke wa Wafula, aliyekuwa ananikanda miguu ikiuma, akinikuta kanisani anahama benchi.

Mwezi uliopita nilienda kwao. Nilimkuta Wafula nje ya chumba wanachopanga, anajiosha vumbi ya mawe. Nikamwambia yote. Hakushtuka.

"Nilijua, mama. Nilionja maji ya rejeta siku ile, kabla Kimeu hajafika."

"Na ukanyamaza?"

"Wanao walikuwa wamesimama. Nikuvue nguo mbele yao?"

Nikamwomba msamaha. Akakataa! Akasema, "Msamaha wa hapa mlangoni nitaupeleka wapi? Hakuna mwenye gari amesikia. Waambie wale uliowaambia."

Jioni hiyo nilimwambia Parsaloi. Mpaka leo hajaongea na mimi. Chakula changu analeta mke wake, anaweka, anaenda.

Haya, nawaambia. Tumpes wa machinjio, nilikudanganya. Mwalimu Kasaine wa Matasia, nilikudanganya. Mama Chebet wa maziwa, wewe ulinishuku, ukauliza, "Una hakika?" Nikaapa! Njoroge wa mchanga, ulipiga mara mbili, na mara mbili nikakudanganya. Kimeu, ulimwita mvivu mbele ya watu. Ujue la kufanya. Wafula hakuua injini. Jina langu sitaandika, lakini nyinyi mnanijua sauti.

Na wewe uliye na dizeli ya zamani na mtu anayeielewa, usijifanye mjuzi kama mimi. Akisema maji haya hapana, ni hapana! Na kama kuna maiti uliyemkasirikia, nenda ukagombane na kaburi lake. Usitafute aliye hai wa kumlipisha.

Njoroge, nasikia lori lako la zamani linataka dereva. Namba ya Wafula ni ile ile. Anatoka kwenda kwa mawe saa kumi na mbili asubuhi. Mpigie kabla.