Makro ya Mama Mwende

Leo marehemu ametupatia pole. Msinicheke, ngoja niwaambie.

Mama Mwende, aliyenifunza kazi ya kuchapa hapa kwa cyber yetu ya Ikutha, tunamzika Jumamosi. Leo binti yake, Mwende, amekuja nimchapie programu ya mazishi, ile karatasi ya ratiba.

Mnajua makro? Unarekodi kazi mara moja, halafu kompyuta inairudia yenyewe. Hii ya programu za mazishi aliirekodi Mama Mwende mwenyewe, zamani, chai yake ikipoa kando ya kibodi. Mimi hubonyeza tu.

Basi nikabonyeza.

Msalaba ukakaa juu. Picha ikaenda katikati. Mistari ikajipanga, sawa kabisa vile alikuwa anapenda.

Halafu chini, kama kawaida:

"Poleni sana familia. Mungu awashike mkono. Ni mimi mchapaji wenu, Mama Mwende."

Ai! Nilikuwa nimeisahau hiyo. Nikakimbilia kufuta, aibu imenijaa.

Mwende akanishika mkono.

"Wacha hivyo. Mwaitu hangekosa kutupatia pole," akasema, akimwita mama yake kwa Kikamba.

Nimeprinti hivyo hivyo.

Sasa wewe, kama kwenu kuna programu ya mazishi ilitoka kwetu, hebu itafute uangalie chini kabisa.

Ako hapo.