Muhula wa Dirishani

Tarehe kumi na mbili mfungo pili, siku ya Jumanne, nilifiwa na mume wangu njiani tukimwahisha hospitali ya Mchukwi. Kwa kalenda ya chuo ninapofundisha ilikuwa wiki ya tisa ya muhula, na siku hiyo nilipaswa kuanza sura ya kujifunza. Naandika tarehe zote mbili kwa sababu miezi iliyofuata niliishi kwa kalenda hizo mbili kwa pamoja, na sikuimudu hata moja.

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Kwao ni Mbuchi, huko deltani, na ingawa tuliishi Kibiti miaka mingi, akisema "nyumbani" alimaanisha kule kwenye mikoko. Hatukujaaliwa mtoto. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linaloeleza mengine: alipokwisha kuzikwa, sura yake ilibaki kwa mtu mmoja tu duniani, naye ni mama yake. Pua ile ile, na namna ile ile ya kuinamisha kichwa kabla ya kukataa jambo. Mama mkwe alikuja msibani na begi moja, na watu walipotawanyika akasema atakaa nami mpaka nitoke eda, miezi minne na siku kumi ya kukaa ndani. Tangu hapo hofu yangu ikawa moja: kwamba nitamuudhi, arudi Mbuchi, nami nibaki na msiba peke yangu, bila hata pua ya kuitazama.

Mtu akisikia kwamba nafundisha saikolojia wanafunzi wa shahada, hudhani nimesoma sana. Sikusoma sana. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Shahada nimeipata ukubwani, kwa masafa, na saikolojia ilikuwamo humo kama karafuu kwenye pilau, chembe mbili tatu. Chuo chetu ni kidogo. Maktaba ndiyo hiyo hiyo stoo ya viti vibovu. Mwalimu wa somo hilo alipohamia Dar, mkuu wa idara aliuliza kikaoni nani amewahi kulisoma, nami nikanyoosha mkono. Nilidhani anauliza tu. Tangu hapo nawatangulia wanafunzi wangu kwa sura moja ya kitabu. Msimu wa harusi tunakwenda sambamba.

Watani wa marehemu waliyajua hayo yote. Siku ya mazishi, mtani mmoja, mama wa makamo kutoka Umwe, alichukua miwani yangu, akajifunga kanga kifuani, akasimama mbele ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele na kuwafundisha. "Ubongo," akasema, akajishika kiuno. "Andikeni: ubongo!" Watu walicheka mpaka mchele ukamwagika. Nami nilikaa kwenye mkeka wangu nikiwaza kwamba kwa kweli hotuba yake haikuwa mbali sana na ile niliyoitoa wiki ya kwanza.

Siku chache baada ya hapo mkuu wa idara alikuja kutoa pole. Alipomaliza kuomba dua hakuondoka. Alikunywa chai, akazungumzia mvua, mwisho akasema lililomleta. Hakuna mwalimu mwingine wa somo lile. Lisipofika mwisho, wanafunzi wote kumi na watatu watalirudia mwaka ujao. Alikuwa amekwisha kumuuliza shehe, na shehe amesema mjane mwenye dharura ana ruhusa ya kutoka mchana, arudi kabla jua halijatua.

Nilimfikishia mama mkwe.

"Shehe karuhusu," nilisema.

"Shehe hakumzaa," akajibu, akaendelea kupepeta.

Basi sikutoka. Wanafunzi wangu ndio waliopata njia. Kiongozi wa darasa, dada mmoja mwenye sauti ya mnadani, alikuja kumwomba mama mkwe kwamba wao wakae barazani, mimi nikae chumbani, na dirisha liwe katikati. Mama mkwe aliinamisha kichwa. Nilijua hapo anakataa. Lakini hakukataa, aliweka masharti. Pazia lishushwe. Yeye atakaa chumbani pamoja nami. Na kisizungumzwe Kizungu.

"Mie nikae nyumbani kwa mwanangu," alisema, "mjane wake anaongea na wanaume dirishani, nami sijui kinachosemwa? Hapana. Semeni lugha ya watu."

Kwa kanuni za chuo tunatakiwa kufundisha kwa Kiingereza. Nami naungama kwamba Kiingereza kilikuwa kimenisitiri. Nikifika mahali nisipopaelewa nilikuwa naisoma sentensi ya kitabu polepole, mara mbili, kwa sauti ya mtu anayejua, na wanafunzi wanaandika. Kwa Kiswahili hakuna pa kujificha. Usichokielewa hukisemi, na ukikisema mama mkwe anakutazama.

Siku ya kwanza nilianza na kichocheo.

"Kichocheo ni jambo lolote linaloamsha mwitiko," nilisema kuelekea kwenye pazia.

"Mnachochea nini?" mama mkwe akauliza pembeni yangu.

"Hatuchochei, mama. Ni jina tu."

Barazani nikasikia mtu anakohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Nikaenda haraka kwenye mfano, ule unaojulikana kuliko yote katika somo letu, wa mtaalamu aliyemzoesha mbwa. Nilieleza vizuri, nadhani. Nikasema kila mara kabla ya kumpa mbwa chakula palisikika kengele, na siku zilipopita, mbwa akisikia kengele tu, hata bila chakula, udenda unamtoka.

Mama mkwe alisimama.

"Udenda wa nini?"

"Wa mbwa, mama."

"Udenda wa mbwa! Nyumba ya msiba, hata arobaini haijafika, Qurani imesomwa hapa hapa juzi, nawe unanitajia udenda wa mbwa?"

"Mama, mbwa mwenyewe hayupo hapa. Yuko Ulaya. Alishakufa zamani."

"Najisi ni najisi, hata ikifa Ulaya."

Kwa sisi watu wa huku hakuna kitu kinachotutia wasiwasi kama mate ya mbwa. Chombo akikiramba kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilijua hilo tangu utotoni. Ila ndani ya Kiingereza yule mbwa alikuwa mbwa wa kitabuni tu, mkavu, asiye na mdomo. Nilipomleta kwenye Kiswahili akaja na udenda wake wote. Nikafanya lile ambalo mwalimu mwenye elimu zaidi asingelifanya.

"Tuseme alikuwa mbuzi," niliwaambia wanafunzi.

Kiongozi wa darasa akaita: "Madam, mbuzi hata bila kengele mdomo wake unatafuna."

"Huyu ni mbuzi wa utafiti," nikasema.

Wakaandika. Niliwasikia wakiandika. Wiki mbili baadaye, kwenye jaribio, wengi wao waliandika mbuzi, na mimi niliyemwingiza mbuzi huyo katika sayansi sikuwa na uso wa kuwanyima alama.

Tukaendelea hivyo. Nilifundisha namna uso wa mtu unavyoeleza hisia zake, uso wangu ukiwa nyuma ya pazia na nyuso zao zikiwa barazani. Nilipotamka "hisia" mama mkwe aliuliza, "Hisia za nani?" nikamwambia za watu wote kwa jumla, akaridhika. Mwanafunzi mmoja aliweka simu dirishani arekodi somo. Mama mkwe, akiamini inapiga picha, aliifunika kwa kawa. Rekodi hiyo ninayo. Nasikika kama mtu anayefundisha kutoka ndani ya sufuria.

Lakini jioni zilikuwa nzuri, kama neno hilo linaruhusiwa. Baada ya magharibi mama mkwe alikuwa akinisimulia mwanawe nisiyemjua: mtoto aliyekuwa akilala ndani ya mtumbwi uliofungwa ili ayumbishwe na maji, kijana aliyeifungua redio ya baba yake na kuirudisha ikabaki na skrubu mbili za ziada, na bado ikaimba. Hakuna mwingine angeweza kunipa hayo. Nilikuwa namsikiliza bila kupumua vizuri, kama wanafunzi wangu wanavyoandika nikitaja neno "mtihani".

Ndipo nikaharibu.

Tulikuwa tunapitia masomo ya nyuma. Idi ya kuchinja ilikuwa imepita karibuni tu, na bila shaka nyama ilikuwa bado vichwani mwa watu. Nikaeleza tena mbuzi na kengele, nikauliza kama kuna swali. Kulikuwa na kaka mmoja wa Umwe, mtu mzima mwenye familia, ambaye tangu muhula uanze hakuwahi kufungua kinywa. Akajikohoza.

"Madam, huyo mbuzi mwishowe alichinjwa?"

Nilicheka. Sikutabasamu, nilicheka kile kicheko changu cha zamani, cha kelele, kinachoishia kwa kupiga paja. Nacho kilitoka dirishani, kikapita barazani, kikafika barabarani, maana muuza samaki aliyekuwa akipita aligeuza kichwa. Mjane ndani ya eda, kwenye chumba alichotolewa mumewe.

Jioni ile hakukuwa na hadithi. Mama mkwe alikula, akasali, akalala akiwa amegeukia ukutani. Mimi nililala nikipitia kitabu kichwani, sura kwa sura, nikitafuta mahali palipoandikwa mtu afanye nini. Hapakuwapo, au ni zile sura ambazo sijazifikia.

Asubuhi begi lilikuwa mlangoni.

"Nimemtuma mtu aniitie bodaboda," alisema.

"Mama, nisamehe."

"Hukunikosea mie."

Akatoka barazani kungoja. Nilimfuata mpaka kizingitini, hapo nikasimama. Kumvukia ili nimsihi asiende kungekuwa ni kuivunja ile eda aliyokuwa akinilindia. Nilisimama pale na mguu mmoja umeinuka, mwalimu wa tabia za binadamu, kama kuku anayewaza. Kisha nikarudi chumbani, nikakaa dirishani kwangu.

Wanafunzi walikuwa wanafika. Niliwasikia mmoja mmoja, "Shikamoo bibi," na yeye, "Marahaba," kwa sauti isiyo na kitu ndani. Walikaa pande zote mbili za begi lake. Nadhani walidhani ametoka kupunga upepo.

"Madam, tupo," kiongozi wa darasa akaita.

Siku hiyo sura ilikuwa ya kusahau. Nilikuwa nimeiandaa kuliko sura yoyote. Nikaiweka pembeni. Kumwambia mama mkwe jambo mbele ya watu kumi na watatu ni aibu, na tangu utoto nimefundishwa kwamba ya ndani hayasemwi barazani. Lakini yeye alikuwa barazani, na mimi njia yangu ya kufika huko ilikuwa dirisha tu.

"Mama," nilisema, "jana sikuucheka msiba."

Nikasogea karibu na pazia.

"Lile swali la mbuzi, kama alichinjwa. Ndilo angeliuliza mwanao. Kwa sauti ile ile ya kujikohoza kwanza. Nilisahau kwamba hayupo, mama. Kwa muda ule mdogo nilisahau kabisa. Nikacheka kama nilivyozoea kumcheka yeye, kisha nikakumbuka, na kicheko kilikuwa kimeshatoka."

Hakuna aliyekohoa. Juu ya pazia nilikuwa naona kilele cha ushungi wake tu, kitambaa cheusi kiasi cha kiganja. Kiliinama, nikajua anakataa.

"Angeuliza na ngozi kapewa nani," mama mkwe alisema.

Ushungi ukaanza kutikisika. Alikuwa akicheka au akilia, sijui. Miaka mitatu nafundisha somo hili, na kwa kitambaa cha kiasi kile sikuweza kusema ni kipi. Niliwaza kuwauliza wanafunzi, wao walikuwa wakimwona usoni, lakini ningewaulizaje?

"Bibi, nikuletee maji?" alikuwa yule kaka wa Umwe.

"Kaa chini wee, mchinja mbuzi."

Wakacheka, kwa woga kwanza, halafu bila woga. Jina hilo limemganda mpaka leo.

Honi ikalia barabarani.

"Bibi, twende?" dereva wa bodaboda aliita.

"Twende wapi? Huoni watu wanasoma?"

"Si umeniita mwenyewe, bibi?"

"Nilikuita. Sasa nakufukuza."

Aliondoka akilalamika, tukamsikia mpaka njia panda. Nikafundisha kusahau. Nilifundisha vibaya, niliruka ukurasa mzima na sikugundua mpaka kiongozi wa darasa aliponiambia kwamba mifano yangu inajibu swali ambalo sijaliuliza. Tulirudi nyuma, tukaanza upya.

Walipoondoka mama mkwe aliingia na begi, akalisukuma uvunguni kwa mguu. Hakunitazama. Alisema kesho waje mapema zaidi, jua la pale barazani linaumiza kichwa. Nikasema nitawaambia. Wingu lilikuwa limejaa upande wa mtoni, na matone ya kwanza yalianza kugonga bati. Akatoka uani mbio kuanua mpunga. Uani eda inaniruhusu, nikamfuata, nikashika upande wa pili wa jamvi.