Mama wa Milango

Mama wa milango, ndivyo tunavyomwita kiwandani, hufunga kila mlango kwa kiganja, kichwa kakiinamisha, akisikiliza. Amefunga milango ya magari ya pembepembe, ya mviringo, na sasa haya ya umeme yasiyo na vishikio, anayoyaita "mayai".

Siku yai la kwanza lilipopita, wakubwa wakitazama, alivuta kamba ya dharura, kazi yote ikasimama.

"Kuna nini, mama?" msimamizi akauliza.

"Nimekosea, mwanangu. Bawaba hii sijaikaza sawasawa."

Akaikaza taratibu, akijiimbia kama yuko jikoni kwake. "Haya, twendeni!"

Kesho yake fundi wa taa, binti mgeni aliyeona haya hata kuuliza, aliivuta kamba mwenyewe, akasema kwa sauti, "Nimekosea."